Msumari wa Saba

Vumbi la mbao lilikataa kukauka.

Hilo ndilo lililoonekana kwanza, na halikumtisha mtu. Gogo lilipasuliwa Jumatatu. Kufikia Alhamisi vumbi lililorundikana nyuma ya mashine lilikuwa bado linashikana mkononi kama unga uliotiwa maji, ingawa bati la karakana lilikuwa limepata moto hata paka akaacha kulala juu yake. Mke wa fundi alilizoa kwa beleshi, akalianika uani juu ya turubai, akaligeuza asubuhi na adhuhuri. Jioni alilikuta limelowa kuliko alivyolianika, akalirudisha nyuma ya mashine.

"Hili gogo mmelivua ziwani?" alimuuliza mumewe.

"Limekuja na lori kama mengine."

"Mengine hayanuki hivi. Hebu nusa."

Fundi alichota kidogo, akanusa. Ilikuwa harufu ya udongo baada ya mvua, mahali ambapo jua halifiki. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili.

Karakana ilikuwa ya ndugu wawili, na nyumba yao ilikuwa nyuma yake, upande wa pili wa ua. Mkubwa, yule aliyenusa vumbi, aliitwa Sentimita. Alipima kila ubao mara tatu kabla ya kuukata, na katika miaka yote ya kazi hakuwahi kumtajia mtu kipimo cha uongo. Alipima hata watu. Kwenye mwimo wa mlango wa karakana kulikuwa na alama za penseli alizoanza kuzichora marehemu baba yao: Sentimita alikuwa amekomea mia moja sabini na mbili, mdogo wake mia moja sabini na moja, na tofauti hiyo ilitajwa kila walipogombana.

Mdogo aliitwa Mluzi, naye jina lilimjia kazini. Mashine ya kupasulia magogo ina kelele, na inahitaji watu wawili: mmoja asukume, mwingine asimame upande wa pili wa msumeno apokee. Sentimita alisukuma. Mluzi alipokea. Kwa kuwa sauti ya mtu haisikiki pale, mdogo alipiga mluzi. Mrefu maana yake sukuma. Mfupi maana yake simama. Kwa miaka kumi na sita mkubwa aliutii bila kuinua macho, na vidole vyao vyote ishirini vilikuwa bado mahali pake.

Gogo lile lilikuja bila magome. Dereva wa lori alisema limetoka kwenye msitu unaofyekwa kupisha bwawa. Wafyekaji waliukuta mti wake umesimama peke yake juu ya ngazi za mawe, ngazi nyingi, zinazopanda bila kufika kwenye nyumba yoyote. Miti mingine ilikuwa imeota mbali nao.

"Ngazi za nani?" Mluzi aliuliza.

"Za watu wa kale. Mimi nabeba magogo, ndugu yangu. Historia sibebi."

Kabla ya kupasua, fundi hukagua misumari. Msumari mmoja uliojificha hung'oa meno ya msumeno, na meno yakiruka hayachagui pa kutua. Sentimita alipitisha sumaku kutoka mwanzo wa gogo hadi mwisho. Haikushika kitu. Mluzi ndiye aliyevigundua kwa kupapasa: vichwa saba vya misumari, vimezama, vimefunikwa na utomvu uliokauka. Viwili juu, viwili katikati, viwili chini. Kimoja kilikuwa peke yake, mahali ambapo, kama gogo lingekuwa mtu, pangekuwa koo.

Ilikuwa misumari ya shaba, ndiyo maana sumaku haikuiona. Hakuna fundi anayepitisha gogo lenye misumari kwenye mashine, kwa hiyo waliing'oa kwa mtaimbo, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ulikuwa na sentimita ishirini na mbili. Sita ilitoka imenyooka. Wa saba, ule wa koo, ulipinda ncha.

"Huu uliopinda ni wangu," Mluzi alisema. Aliikata ncha kwa msumeno wa chuma, akaunoa kwa tupa, ukawa kalamu ya kuchorea mistari kwenye mbao. Akauchomeka nyuma ya sikio. Ile sita akaitupa kwenye kopo la misumari mikuukuu. Kipande cha ncha kilianguka kwenye vumbi, na gunia la kwanza la vumbi lilichukuliwa jioni ileile na mfugaji wa kuku aliyekuja kila wiki.

Gogo lilitoa mbao kumi na moja, za sentimita nne kila mmoja. Sentimita aliziandika namba kwa chaki, akazisimamisha ukutani kwa mpangilio. Ubao wa sita, ule wa kiini, ulikuwa na doa jeusi la urefu wa mtu, limesimama, mikono imekunjwa kifuani.

"Mteja huyu," Mluzi alisema. "Amekuja kuulizia kitanda."

Walicheka wote wawili.

Ijumaa, saa sita na nusu mchana, mashine ikiwa imezimwa kwa ajili ya chakula, Mluzi alivua viatu. Alitembea hadi katikati ya vumbi, akasimama akizitazama mbao, viganja wazi. Sentimita alidhani ni mzaha. Mdogo wake alikuwa mtu wa mzaha.

"Dogo, chakula kinapoa."

Mluzi hakugeuka. Alisimama dakika tano. Kisha akaja peku, viatu mkononi, akakaa, akavuta sahani.

"Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Pale wapi?"

"Kwenye vumbi."

"Nimetoka kunawa, kaka. Wewe jua limekupiga."

Mke wa Sentimita akacheka. "Mwache. Labda alikuwa anawaza kuoa. Umri unakwenda, shemeji."

"Nitaoa siku mumeo akimaliza kumpima bibi harusi."

Lakini kutoka kwenye vumbi hadi mezani sakafu ilikuwa na nyayo zake, na zilikuwa za maji.

Jumamosi alisimama dakika kumi. Jumapili, karakana ikiwa imefungwa, walimkuta mle ndani; mlango ulikuwa umefungwa kwa nje na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Sentimita. Dakika ishirini. Jumatatu, arobaini. Mkubwa alianza kuandika muda huo ukutani kwa chaki, chini ya hesabu za mbao, maana hakujua kitu kingine cha kufanya nao. Kila siku ulikuwa mara mbili ya jana yake. Kila mara Mluzi alirudi akiwa hakumbuki chochote, akiwa na njaa, na miguu yake ikiwa imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda majini.

Jumanne mke wa Sentimita alikuwa akiupiga msasa ubao wa sita. Kazi ya msasa na vanishi ilikuwa yake. Alipofika ukingoni aliona jani. Lilikuwa dogo, jembamba, limechomoza kwenye ubao uliokwisha kupigwa randa. Alilichuma, akalitupa. Alipogeuza ubao aliona mawili.

"Baba," alimwita mumewe kwa sauti ya chini, "njoo uone. Usimwite shemeji."

"Mbao mbichi huchipua wakati mwingine."

"Umewahi kuona?"

Sentimita hakuwahi kuona, na hakuwa mtu wa kusema uongo, kwa hiyo aliyachuma yale mawili, akarudi kwenye mashine.

Jumatano ndiyo siku waliyosikia vyura. Mashine ilikuwa imezimwa, redio imezimwa, barabara nje ilikuwa kimya kama inavyokuwa watu wakila, na kutoka nyuma ya zile mbao, mahali ambapo palikuwa na ukuta wa matofali na nyuma ya ukuta huo duka la godoro, ikaja sauti ya vyura wengi, kisha sauti ya maji yakidondoka kwenye majani mapana, kisha, kwa mbali na chini zaidi, sauti ya watu wengi wakipanda ngazi kwa miguu mitupu, hatua moja, wakasimama, hatua moja, wakasimama. Mluzi alikuwa ameshasimama kwenye vumbi. Sentimita alimwita, akamshika bega, akamvuta, na ilikuwa kama kuvuta nguzo iliyochimbiwa. Alipoinama kutazama aliona vidole vya miguu ya mdogo wake vimezama kwenye vumbi, na vumbi limejaa kati yake, limebana, na alipojaribu kulifukua kwa kucha akakuta chini yake pana joto kama la kitu kinachopumua.

Alipoinua kichwa aliona ndara za mkewe. Zilikuwa zimepangwa kando ya vumbi, pamoja. Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya Mluzi, viganja wazi, na nyuma ya mkewe alisimama mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara, kinyago chake cha kazi kikiwa bado kwenye paji la uso, buti zake mlangoni, macho yake kwenye mbao.

Mdomo wa Mluzi ukafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu ambaye hajazungumza siku nyingi na hana haraka.

"Wangapi?"

"Watatu," mchomeleaji akajibu.

"Wachache," sauti ikasema. "Lakini ngazi huanzia chini."

Sentimita alimbeba mkewe mpaka nje. Juani alizinduka, akauliza kwa nini hana viatu. Mchomeleaji alirudi kwenye kazi yake peku, akiwa hajui amevuka barabara. Mluzi alisimama saa mbili na dakika arobaini.

Siku iliyofuata, asubuhi, alikuja mganga. Watu walimwita Mama Miwani, kwa sababu miwani yake ilishikiliwa na uzi, na alifanya kazi katika chumba kimoja nyuma ya duka la matairi. Alikuja na kigoda chake na mfuko wa plastiki. Hakuchoma kitu, hakunyunyiza kitu. Alizunguka karakana mara moja, akakaa mbele ya ubao wa sita, akauliza swali moja.

"Mlitoa nini humu?"

Sentimita alimweleza kuhusu misumari.

"Nani alikufundisha kung'oa kitu kabla ya kuuliza kimewekwa kwa nini?"

"Mama, lilikuwa gogo. Tunapasua magogo."

"Ndiyo," alisema mganga. "Ndiyo maana alisubiri mafundi."

Siku hiyo Mluzi hakusubiri saa sita na nusu. Saa nne asubuhi alivua viatu. Mganga alisogeza kigoda chake akakaa mbele yake, nje ya vumbi.

"Wewe nani?"

"Mwenye ngazi."

"Jini?"

Midomo ya Mluzi ikatabasamu. "Majini walikuwa wakinifagilia ngazi."

Mke wa Sentimita alimshika mumewe mkono. Mganga hakubadilisha sauti.

"Ulikuwa na kazi gani huko?"

"Kuhani. Mji wangu ulikuwa msituni, una ngazi elfu moja. Nikisema na mbegu asubuhi, jioni watu wanakaa kivulini mwake. Kila mtoto aliyezaliwa tulimpandia mti, nao ulimlinda. Kisha miti ikawa mingi kuliko watoto. Ikaniuliza: na sisi, je? Nikawaambia watu wangu, sasa kila mti upandiwe mtoto."

"Wakakubali?"

"Miaka mingi. Halafu mama mmoja akaja na shaba."

"Na huyu kijana unamtakia nini?"

"Huyu si kijana," sauti ikasema. "Huyu ni mche."

Mganga alisimama, akabeba kigoda chake, akawatoa wenye nyumba hadi uani. Aliwasemesha kwa sauti ya chini ingawa ua ulikuwa mtupu.

"Jini ningemwambia atoke, tukaelewana. Huyu alikuwa mtu, na mtu aliyezoea kutiiwa haombwi. Sasa nisikilizeni. Anapokuja kusimama pale, mdogo wenu anakwenda ndani ya gogo. Wanapishana. Ndiyo maana hakumbuki kitu, yuko gizani. Siku huyu mzee akisimama tangu jua linachomoza hadi linazama, hawatapishana tena."

Sentimita alikumbuka hesabu za chaki ukutani. "Leo ni saa tano na dakika ishirini. Kesho ni saa kumi na dakika arobaini. Keshokutwa siku haitoshi."

"Basi ni kesho. Zirudisheni mbao zote kumi na moja zilivyokuwa, kwa namba zake. Zifungeni kwa minyororo. Chimbeni shimo uani, gogo lisimame kama liliposimama kwanza. Kesho mchana, yeye akiwa nje, tunapigilia misumari kwenye matundu yake yaleyale. Sita inafunga viungo. Wa saba ndio unaomvuta ndani, na yeye akivutwa ndani, mdogo wako anasukumwa nje. Iko yote?"

"Iko."

"Mizima?"

"Nitapima."

"Pima. Kama hata mmoja umepungua, usipigilie. Niambie, tutatafuta njia nyingine, hata kama ni miezi. Akishapitiliza kesho, njia ya ndugu yako kurudi inakuwa ndefu, lakini ipo. Ukifunga nusu, haipo. Kila mmoja atabaki mahali msumari utakapomkuta."

Alasiri, Mluzi alipozinduka, walimweleza. Alisikiliza akila. Kisha akasema, "Kwa hiyo yule mteja kweli alikuwa anataka pa kulala," na hakuna aliyecheka, naye akaweka kijiko chini.

"Kaka. Kule kuna watu."

"Wapi?"

"Sijui. Nilikuwa nadhani naota. Ni giza, na wamenibana pande zote, na ni wafupi. Wananifikia hapa." Alionyesha kiunoni. "Hawasemi kitu. Wananishika nguo tu." Akamtazama kaka yake. "Usiniache huko."

"Sikuachi."

"Sema wallahi."

"Wallahi sikuachi, dogo."

Walifanya kazi pamoja hadi jua linazama: mbao kwa namba, minyororo, shimo. Mluzi alitoa kalamu yake ya shaba nyuma ya sikio, akampa kaka yake. Sentimita aliiweka kwenye meza ya kazi na misumari sita kutoka kwenye kopo, akavuta futi. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili. Wa saba ulikuwa kumi na tisa. Aliupima mara tatu. Kisha alichukua kijiti, akakiingiza kwenye tundu la koo mpaka kikagota, akakipima. Ishirini na mbili.

Alfajiri alikwenda kwa mfugaji wa kuku. Vumbi lilikuwa limetandazwa kwenye mabanda matatu, likatolewa pamoja na mbolea, likanunuliwa na wenye mashamba ambao mfugaji hakuwajua hata mmoja. Sentimita alipiga magoti akapekua lile lililobaki, mpaka kuku wakazoea kumzunguka. Aliporudi nyumbani jua lilikuwa limeshapanda kidogo na Mluzi alikuwa ameshasimama uani, peku, mbele ya gogo, majani yamechipua kwenye kila mwanya kati ya ubao na ubao.

Mama Miwani alifika saa sita. Mchomeleaji alikuwa amekuja tena, na muuza godoro, na wanawake wawili wapita njia waliokuwa wameweka vikapu vyao chini. Wote walisimama nyuma ya Mluzi kwa safu, mmoja mmoja, kama watu walio kwenye ngazi. Mke wa Sentimita alikuwa amefungiwa chumbani kwa ombi lake mwenyewe, na alisikika akigonga mlango, si kwa nguvu, kwa mpigo uleule wa hatua, moja, kimya, moja, kimya.

"Umepima?" mganga aliuliza.

"Nimepima."

"Inatosha?"

Sentimita alimtazama mdogo wake. Ngozi ya shingo yake ilikuwa imeanza kupasuka kwa mistari mirefu, bila damu, kama magome yanavyopasuka. Alifikiria miezi. Alifikiria wale wafupi.

"Inatosha," akasema.

Msumari wa kwanza uliingia na vyura wakanyamaza. Wa pili ukaingia na majani ya upande mmoja yakaanguka. Wa tatu, wa nne. Mchomeleaji akakohoa, akajitazama miguu, akaanza kulia kama mtoto. Wa tano, na wanawake wawili wakaokota vikapu vyao wakakimbia. Kwa msumari wa sita, mlango wa chumbani ulinyamaza, na kutoka mdomoni mwa Mluzi ikaja sauti ile, safari hii ina haraka, ikiahidi vivuli na mavuno na miti ya mbao ngumu itakayosimama mlangoni pa karakana kila asubuhi bila kuletwa na lori, ikimwita Sentimita kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo hakuna mtu aliyelitaja tangu baba yake afariki.

Sentimita aliweka msumari wa saba kwenye koo la gogo, akapiga. Akapiga tena. Ulikuwa umebakiza kichwa tu nje pale aliposikia mluzi. Ulikuwa mfupi, mkali, umepenya kila kitu kama sindano, na mkono wake ukasimama hewani wenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na sita.

Amerudi, aliwaza. Ni yeye, amerudi, anapiga mluzi.

"Usisimame sasa!" mganga alipaza sauti. "Piga!"

Alipiga. Kichwa cha msumari kikalala sawasawa na mti.

Mluzi alianguka chali. Alipofumbua macho alimtazama kaka yake muda mrefu, kisha akasema, "Kaka," na Sentimita akakaa chini kwenye udongo akamkumbatia, akalia mbele za watu. Siku ileile walimimina zege juu na kando ya gogo, likafunikwa lote, likawa kama nguzo nene katikati ya ua. Mke wa Sentimita alifunga kamba ya nguo hapo.

Vumbi lilikauka. Kazi ilirudi. Mluzi alikula, alilala, aliwaamkia wateja. Mtu akitania, alicheka, akichelewa kidogo, baada ya kuwatazama wengine. Kupiga mluzi hakuweza. Alisema koo linamuuma, na kwenye mashine walianza kutumia mikono: kiganja juu, simama, kiganja mbele, sukuma. Sentimita alijifunza kuinua macho. Mama Miwani alipopita kuuliza hali, alimtazama Mluzi kwa muda, akafuta miwani yake, akamtazama tena.

"Ulipima kweli?" alimuuliza Sentimita mlangoni.

"Nilipima, mama."

Hakurudi tena.

Ilikuwa wiki ya tatu, asubuhi, Mluzi alipokuwa amesimama kwenye mlango wa karakana akitazama barabara, mgongo wake kwenye mwimo. Sentimita alipita na penseli, akaona nafasi ya utani wa zamani. Aliweka penseli juu ya kichwa cha mdogo wake, akachora. Mluzi alisogea. Alama mpya ilikuwa juu ya ile ya zamani. Ilikuwa juu hata ya alama ya Sentimita mwenyewe.

Alivuta futi. Mia moja sabini na nne. Mdogo wake alikuwa na miaka thelathini na minne. Alipima mara ya pili, na mara ya tatu. Sentimita tatu kamili.

Alitembea hadi uani. Aliisogeza kanga ya mkewe iliyokuwa ikikauka, akaweka sikio kwenye zege, kwenye urefu wa koo.

Kwanza palikuwa kimya. Kisha akasikia, kwa mbali, nyuma ya zege na nyuma ya mbao tano. Mfupi. Kimya. Mfupi. Kimya. Mfupi. Ulikuwa mluzi wa mtu aliyechoka, ambaye amekuwa akiupiga tangu siku ile, na ambaye bado anaamini kwamba aliye upande wa pili atasimama.

Mkono ukatua begani kwake. Ulikuwa umelowa.

"Njoo, kaka," sauti ya mdogo wake ikasema. "Lori limeleta gogo. Leo nitasukuma mimi. Wewe utapokea."